Intaneti ya Nyumbani Inapokatikakatika: Tafuta Chanzo Kabla ya Kumwita Fundi

Kebo nyembamba nyeusi za faiba sasa zinaonekana kwenye nguzo katika mitaa mingi ya mji wa Nyeri, na pia Karatina, Nanyuki, Embu na Meru. Kazi nyingi za nyumbani zimezifuata. Mwanafunzi anatuma maombi ya chuo kupitia KUCCPS, mwenye duka anatoa ankara za eTIMS, mlipa kodi anawasilisha ritani kabla ya Juni 30, na mwenye kesi anaingia kortini kupitia simu au kompyuta yake. Laini ikikatika katikati ya shughuli kama hizo, hasara huwa kubwa kuliko ada ya mwezi.

Laini iliyokufa kabisa ina nafuu moja: fundi akifika, anaona. Taabu ni ile inayokatika dakika tatu, inarudi, kisha inakatika tena jioni. Fundi anafika mchana, anakuta kila kitu kinafanya kazi, anaondoka. Usiku tatizo linarudi. Katika hali hiyo wewe mkazi ndiwe shahidi pekee, na shahidi asiye na kumbukumbu hasikilizwi. Somo hili linaonyesha jinsi ya kupata ushahidi huo kwa wiki moja, bila kununua kifaa chochote.

1. IFAHAMU NJIA YA INTANETI YAKO

Gawanya njia hiyo katika sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni ndani ya nyumba: simu au kompyuta yako, waifai, ruta na stima inayoiwasha ruta.

Sehemu ya pili ni kebo inayotoka kwenye nguzo hadi ukutani kwako. Ndani yake mna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na habari husafiri humo kwa mwanga. Uzi huo ukikunjwa sana, ukibanwa na mlango au ukichafuka kwenye kiungo, mwanga hupungua. Wakati mwingine haukatiki kabisa. Hufifia tu, na hapo ndipo kukatikakatika huanza.

Sehemu ya tatu ni mtandao wa kampuni: vigawanyaji vya mwanga vilivyo kwenye nguzo, laini kuu za barabarani na mitambo yao, hadi nyaya za baharini. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watumiaji wa Kenya na nchi jirani wakapata intaneti ya kusuasua. Siku kama hiyo hakuna fundi wa mtaani awezaye kukusaidia.

Swali la kujibu ni moja: tatizo liko katika sehemu ipi kati ya hizo tatu?

2. SOMA TAA ZA RUTA INTANETI INAPOKATIKA

Usiizime ruta mara moja. Kuizima na kuiwasha kunaweza kurudisha huduma, lakini pia kunafuta ushahidi. Kwanza itazame, au ipige picha kwa simu.

- Taa zote zimezima, au zinawaka upya kama ruta iliyowashwa sasa hivi: tatizo ni stima, adapta au soketi.
- Taa iliyoandikwa LOS inawaka nyekundu: mwanga haufiki kwenye ruta. Tatizo liko kwenye kebo au kwa kampuni.
- Taa iliyoandikwa PON inapepesa badala ya kutulia: ruta inajaribu kuungana na mtambo wa kampuni na haijafaulu.
- Taa zote ziko kawaida, lakini simu haipati intaneti: shuku waifai kwanza.

Majina ya taa hutofautiana kidogo kati ya ruta na ruta, lakini nyingi za faiba zina LOS na PON.

3. FANYA JARIBIO LA WAYA

Malalamiko mengi ya intaneti kukatika ni ya waifai kushindwa kufika. Kuta za mawe ya kuchonga, mabati na matangi ya maji huzuia mawimbi yake. Maikrowevu ikiwashwa huvuruga mawimbi ya gigahezi 2.4, na ruta za majirani katika ploti moja hugombania nafasi hiyo hiyo.

Ili kujua, unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa mtandao. Ikiwa simu zinakatika lakini kompyuta iliyo kwenye waya inaendelea vizuri, kebo ya nje haina kosa. Isogeze ruta katikati ya nyumba, iweke juu ya kabati mbali na televisheni na friji, na utumie mawimbi ya gigahezi 5 ukiwa chumba kimoja nayo. Mawimbi hayo hayafiki mbali, ila hayana msongamano mkubwa. Ukibaki kwenye 2.4, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, maana hizo haziingiliani.

Ikiwa kompyuta kwenye waya nayo inakatika, endelea na kipimo hiki. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta ya Windows na uandike: ping -t 192.168.1.1. Nambari hizo ni anwani ya ruta. Yako inaweza kuwa tofauti, kama vile 192.168.100.1, na kwa kawaida imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Fungua dirisha la pili na uandike: ping -t 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya Google iliyo nje ya mtandao wa kampuni yako. Acha madirisha yote mawili yaendelee.

Intaneti ikikatika, linganisha. Ruta ikijibu na ya nje isijibu, tatizo liko nje ya kompyuta na waya wako. Ruta yenyewe isipojibu, kagua waya huo, adapta na ruta.

4. WEKA DAFTARI LA SIKU SABA

Kila intaneti inapokatika, andika mambo matano: tarehe na saa ilipokatika, saa iliporudi, rangi ya taa ya LOS na PON, hali ya hewa, na hali ya stima. Mistari michache inatosha. Huu ni mfano wa kufunzia:

Jumatatu, 7:40 usiku hadi 7:46. LOS nyekundu. Mvua. Stima ipo.
Jumatano, 10:15 jioni hadi 10:21. LOS nyekundu. Upepo mkali. Stima ipo.
Ijumaa, 1:05 usiku hadi 1:09. Taa zote zilizima. Hakuna mvua. Stima ilipepesa.

Mistari hii mitatu tayari inaonyesha kuwa nyumba hiyo ina matatizo mawili, si moja. Mawili ya kwanza ni ya kebo. La tatu ni la stima, na fundi wa faiba hawezi kulimaliza hata akija mara kumi.

5. DAFTARI LINASEMA NINI

Inakatika wakati wa mvua au upepo. Katika eneo letu mvua za masika huja kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na hapo ndipo viungo vibovu hujitokeza. Tazama kebo kutoka chini, bila kuigusa: je, inasuguana na tawi la mgrevilea au mkaratusi? Imelegea? Imeingia ukutani mahali ambapo maji hutiririka? Kebo ikiingia nyumbani inafaa ishuke kidogo chini ya tundu kisha ipande, ili maji yadondoke nje badala ya kuifuata hadi ndani.

Inakatika stima ikipepesa. Stima ikipotea kwa sekunde moja tu, ruta huanza upya, na inaweza kuchukua dakika kadhaa kuungana tena. Dawa yake ni UPS ndogo ya ruta. Kabla ya kuinunua, hakikisha volti zake ni sawa kabisa na zilizoandikwa kwenye ruta, na ampea zake hazipungui zile ruta inazohitaji. Ikiwa stima hupepesa kila mara mtaani, piga ripoti kwa Kenya Power kupitia *977#.

Inapungua kasi kila jioni bila kukatika. Taa zikiwa sawa na ping ikiendelea kujibu, ingawa kwa kuchelewa, huo ni msongamano: watu wengi wanatumia laini moja. Kasi ndogo na kukatika ni malalamiko mawili tofauti. Yaandike mbalimbali.

Inakatika wakati wowote, na ruta ni ya moto ukiigusa. Iondoe juu ya dekoda au nyuma ya pazia, uipe hewa. Adapta iliyochoka pia huleta hali hii.

Inakatika mtaa mzima. Waulize majirani wawili walio na kampuni hiyo hiyo. Wote wakikatika dakika ile ile, tatizo liko kwenye laini kuu. Mara nyingi ni trekta la kuchimba mtaro au ujenzi wa barabara uliopitia juu ya kebo.

Kwa walio na kebo ya shaba ya mviringo, inayofanana na ya televisheni, kaza viungo kwa mkono na uondoe vigawanyaji visivyotumika. Kila kigawanyaji hupunguza nguvu ya mawimbi. Na kwa wakazi wa Kieni, Naromoru na Nanyuki wanaopata intaneti kwa antena juu ya paa, tazama kama mti umekua kati ya antena na mnara. Antena inahitaji kuuona mnara.

6. USIYOPASWA KUGUSA

Usipande nguzo. Kebo za intaneti mara nyingi hutumia nguzo zilezile za stima, na waya wa stima hauonyi mtu. Usichomoe kiungo cha faiba na kuchungulia ndani. Mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Usiikunje kebo kwenye kona kali wala kuipigilia msumari. Ikikatika, usiokote vipande vya uzi kwa mkono mtupu, kwa sababu ni kioo na huingia kwenye ngozi. Wafunze watoto vivyo hivyo.

7. JINSI YA KULALAMIKA UKASIKIKA

Piga simu ukiwa na daftari. Badala ya kusema "intaneti yenu ni mbaya", sema: "Tangu Jumatatu laini imekatika mara sita, taa ya LOS ikiwa nyekundu, mara tano kati ya hizo wakati wa mvua. Nimejaribu kwa waya. Stima ilikuwapo." Maneno hayo yanamwambia anayekupokea kwamba anahitaji kumtuma fundi wa kebo, si kukuambia uzime na kuwasha. Omba nambari ya malalamiko na uiandike.

Fundi akifika, mwombe apime nguvu ya mwanga kwenye kebo yako na akuonyeshe kipimo. Kipimo hicho husomwa kwa dBm na huwa na alama ya kutoa. Kadiri nambari inavyokuwa kubwa baada ya alama hiyo, ndivyo mwanga ulivyo hafifu. Kwa mitandao mingi ya faiba ya nyumbani, kisafike chini ya −27. Laini iliyo kwenye −26 itafanya kazi siku ya jua na kushindwa siku ya mvua, na hiyo ndiyo sababu fundi huondoka akisema hakuna tatizo. Andika kipimo hicho kwenye daftari lako.

Usimpe pesa mkononi mtu anayedai ametumwa na kampuni. Mwombe kitambulisho cha kazi, na ulipe kwa njia rasmi ya kampuni pekee.

Kampuni isiposhughulikia malalamiko yako, nenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ina ofisi ya eneo mjini Nyeri. Mamlaka hukutaka uwe umelalamika kwa kampuni kwanza, kwa hivyo beba nambari zako za malalamiko, daftari na risiti za malipo. Huombi hisani: Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu. Chini ya Katiba, mawasiliano ya simu na intaneti ni jukumu la serikali ya kitaifa, si la kaunti.

JIPIME

1. Simu inakatika chumbani, lakini kompyuta iliyo kwenye waya sebuleni iko sawa. Utamwita fundi wa kebo?
2. Taa ya LOS ni nyekundu, na majirani wawili wa kampuni hiyo wana intaneti. Tatizo liko wapi?
3. Ruta huwaka upya kila jioni stima inapopepesa. Utafanya nini?

Majibu: (1) La. Hiyo ni waifai, isogeze ruta. (2) Huenda ni kwenye kebo yako kutoka kwenye nguzo hadi ukutani. Hapo mwite fundi. (3) Weka UPS ndogo na uripoti hali ya stima kwa Kenya Power.

Kumbuka: daftari haliondoi hatari ya laini kukatika usiku wa mwisho. Maombi ya chuo na ritani za kodi zitume siku kadhaa kabla ya makataa, na uwe na bando la simu la akiba siku ya kesi au mahojiano.