Leseni ya mtumbwi: itoe kwenye hela ya kahawa

Vijana wa Bukoba na Muleba, wengi wenu mna kahawa huku na mtumbwi wa dagaa kule ziwani. Kila Januari napigiwa simu: "Afisa, leseni imeisha, doria wanakuja!"

Toa leseni yako sasa hivi, soma tarehe ya mwisho. Ikiwa ni 31 Desemba, aliyekata Januari na aliyekata Oktoba zinawaishia siku moja. Huyo wa Oktoba kavua miezi mitatu tu. Mimi ningependa tuhesabiwe miezi 12 tangu siku ya kulipa. Lakini tarehe iliyoandikwa ndiyo sheria.

Shida ni kwamba Desemba hela inaliwa na Krismasi, Januari inaliwa na shule. Kahawa tunavuna Mei mpaka Septemba. Ukilipwa tu, tenga ya leseni, ya chombo na ya wavuvi wako. Ni vitu viwili, Sheria ya Uvuvi ya 2003 inataka vyote.

Mlioko Goziba na Bumbire, njooni mjini siku za mbalamwezi za mwanzo wa Desemba au mwisho wa Novemba. Dagaa hawafuati taa siku hizo, hupotezi kitu.