Kung'oa Tradeskantia Bila Kuipanda Upya

Katika misitu ya New Zealand, Tradescantia fluminensis, ua la mapambo lililotoka Amerika Kusini, hutanda chini hadi kufika magotini. Mche wa kahikatea, mti wa asili wa huko, ulioota humo hauoni jua. Miti mikubwa inaendelea kusimama, ila haina wa kuirithi.

1. Itambue. Majani ni ya kijani kinachong'aa, manene kidogo, yenye ncha. Ua ni jeupe, la petali tatu. Ukiichanganya na Oplismenus, nyasi ya kienyeji inayopenda kivuli, vunja shina. La tradeskantia limejaa maji, hukatika kirahisi, na vifundoni hutoa vijizizi.

Vifundo hivyo ndivyo shida yenyewe. Huko New Zealand mmea huu hauzai mbegu. Huenea kwa vipande tu. Kipande chenye kifundo kimoja kikiangukia penye unyevu, kinachipua. Aliyewahi kupalilia mahindi na kupambana na lile gugu la maua ya buluu linaloota tena hata baada ya kutupwa kando hahitaji kuelezwa: ni ukoo mmoja.

2. Penye kijito, anzia juu ushuke nacho, maana maji hubeba vipande. Chukua eneo dogo utakaloweza kulirudia.

3. Vaa glavu. Kwangua kwa reki, viringisha kama jamvi, kisha piga magoti uokote vipande vilivyobaki kimoja kimoja. Hapa ndipo wengi huchoka na kuondoka, na kazi yote ikapotea. Mbwa mwache nyumbani; wengine huwashwa ngozi.

4. Usitupe taka ukingoni mwa msitu. Zifunike kwa plastiki nyeusi mpaka zioze kabisa. Bustanini, kuku waliozungushiwa wigo huila vizuri.

5. Eneo likiwa kubwa, dawa ya triklopiri huiweza kuliko glifosati. Fuata lebo, kaa mbali na maji, na kumbuka inaua miche ya asili pia.

6. Tangu 2011 wameachiwa mbawakawa kutoka Brazili: aina moja hula majani, nyingine mashina, nyingine ncha. Wanaidhoofisha, hawaimalizi. Ukiwakuta, usinyunyize dawa hapo.

7. Rudi kila baada ya miezi michache, ung'oe machipukizi. Kivuli kizito huipunguzia nguvu, kwa hiyo panda miti ya asili, ukianza na pembezoni na kwenye mianya inayoingiza mwanga.