Somo la Ariya: Kitu cha Kuazima Kikirudi na Ila

Katika darasa yetu ya hapa Kilimani tumeletewa swali ambalo twaona faida yake itawafikia wengi, nasi twaliandika pamoja na jawabu lake. Ndugu mmoja ana joho alilorithi kwa babake, lenye kasabu ukosini na kifuani. Kwa miaka mingi joho hilo limekuwa likiazimwa na maharusi, naye hakumnyima mtu. Safari hii limemrudia lina tundu ubavuni, limeunguzwa na kaa la chetezo. Aliyeazima hakusema ila neno moja, kwamba ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Ndugu huyu auliza: je, anayo haki ya kudai, au kudai ni ubakhili?

Kwanza yapasa tulijue jambo lenyewe. Kitu apewacho mtu akitumie bure kisha akirudishe chenyewe, sharia hukiita ariya. Si mkopo, kwani fedha za mkopo hutumiwa zikaisha na hurudishwa mfano wake. Wala si amana ya kuwekeshwa, kwani mwenye kuwekeshwa hakishiki kitu kwa manufaa yake. Mwenye kuazima ndiye apataye faida, na mwenye mali hana apatacho ila thawabu. Ndiyo sababu wanavyuoni hawakuzihukumu zote kwa hukumu moja.

Kuazimana ni katika mambo ya kheri. Surat al-Maun yawashutumu wenye kuzuia vitu vya kusaidiana, na Ibn Masud, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alivitaja kuwa ni kama ndoo na chungu. Bi Aisha naye, kama alivyopokea Bukhari, alieleza kwamba zama za Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa na kanzu ya thamani ya dirhamu tano, na kila bibi harusi wa Madina alipopambwa ilipelekwa kwake kuazimwa. Basi joho la ndugu yetu lina mfano wake katika nyumba tukufu kuliko zote! Na katika mtaa huu wetu, ambako maghorofa yameshika mahali pa nyumba za bustani na watu wapishana ngazini bila ya kujuana majina, sinia na sufuria ya kuazima huenda ikawa ndiyo kamba pekee iliyobaki baina ya jirani na jirani. Kamba hiyo haikatwi na wenye kunyima peke yao. Hukatwa zaidi na wenye kurudisha vitu vibovu, wakavibwaga mlangoni na kwenda zao.

Ama kauli ya kudra, twaikataa. Hakuna Muislamu asiyeamini kwamba kila kitu ni kwa kadari yake Mola, lakini kadari haiondoi dhamana. Lau ingeiondoa, hapangekuwa na diya kwa aliyeua kwa kukosea. Wamezoea baadhi yetu kuifanya imani kuwa pazia la kujifichia deni, na hiyo si dini, bali ni hila.

Tazameni alivyofanya Bwana Mtume mwenyewe. Katika mwaka wa 8 wa Hijra (630), alipokuwa akienda Hunain, aliazima nguo za chuma za vita kwa Safwan bin Umayya, naye wakati huo bado hajasilimu. Safwan aliuliza kama zachukuliwa kwa nguvu. Akajibiwa kwamba ni ariya yenye dhamana. Imepokewa kwamba baadhi ya nguo hizo zilipotea, na Bwana Mtume akamwambia kwamba yu tayari kumlipa. Safwan akakataa malipo, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umekwisha geuka. Basi aliyeshinda vita, mwenye jeshi nyuma yake, ndiye aliyetangulia kutaja deni wala hakungoja kudaiwa.

Kwa hadithi hii na nyingine, Imamu Shafi amesema kwamba mwenye kuazima ni mdhamini hata kama hakuzembea, ila kwa kile kilichoharibika kwa matumizi aliyoruhusiwa. Imamu Abu Hanifa aliona ariya ni kama amana, hapana dhamana ila kwa aliyepituka mpaka au aliyezembea. Imamu Malik akapambanua baina ya kitu kinachoweza kufichwa, kama nguo na vipambo, na kisichofichika, kama mnyama. Ndugu zetu wa Kihanafi, nao ni wengi hapa Nairobi, wana hoja zao, nasi hatuwatukani. Bali twaona hadithi ya Safwan ina nguvu zaidi.

Sasa turudi kwenye joho. Lau lingepauka rangi au kulegea mshono kwa kuvaliwa, hapangekuwa na kitu, kwani limeazimwa lipate kuvaliwa. Vivyo hivyo gari: mipira ikilika kwa safari iliyokubaliwa, hapana madai. Lakini aliyeazima gari afike Karen, kisha akateremka nalo mpaka Mombasa, huyo amevuka ruhusa, na yote yatakayolipata yako shingoni mwake. Na kaa la moto si kuvaa. Aliyeazima atalipa upungufu wa thamani ya joho kwa hali lilivyokuwa siku lilipoungua, si kwa bei ya jipya. Wakiridhiana kulipeleka kwa fundi, naye akatoa gharama, ni vyema.

Kudai si ubakhili. Ubakhili ni kunyima, na huyu alikwisha toa. Tena twaona kudai kwa upole ni bora kuliko kunyamaza kwa haya, kisha ukapita kila baraza ukimsengenya mwenzio. Akitaka kusamehe, asamehe kwa ulimi wake. Si kazi ya mwenye deni kumsamehea.

Tumeambiwa pia kwamba aliyeazima alimpa nduguye alivae siku ya pili, huko Eastleigh, na huko ndiko lilikoungulia. Hili ni kosa jingine, kwani katika madhehebu yetu mwenye kuazima hana ruhusa ya kumwazima mwingine bila ya idhini ya mwenyewe. Mwenye joho aweza kumdai amtakaye katika hao wawili. Na gharama ya kurudisha ni juu ya aliyeazima: haikumpasa ndugu yetu kupanda matatu mbili kulifuata joho lake Eastleigh, na nauli hiyo pia ana haki nayo.