Kibaba cha Msafara: Somo Kuhusu Riziki na Chakula Kilichopo

 Mwaka huu tumeona somo letu tulitoe katika jambo dogo lililotokea hapa hapa madrasa. Jioni moja ya Ramadhani, mama jirani alituletea sinia la michembe iliyopikwa kwa karanga ili tufuturu pamoja. Tambi ziliisha, sambusa ziliisha, hata uji ulikombwa. Sinia la michembe likarudi karibu kama lilivyokuja. Mmoja wenu akasema, na wenzake wakacheka, kwamba hicho ni chakula cha shida.

Hatukumkemea, kwa sababu alichosema kina ukweli. Lakini tuliona haya kumrudishia mama yule sinia lake, na tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza kama nyinyi watoto wa Tabora mnajua mji wenu uliishije.

Katika darasa la tafsiri mmesoma Surat Hud, aya ya 6, inayotufundisha kwamba riziki ya kila kiumbe chenye kutembea juu ya ardhi iko kwa Mola wake. Wako wanaoisoma aya hiyo wakadhani riziki humfuata mtu kitandani. Mtume (S.A.W.) alipotaka kueleza tawakkul alitoa mfano wa ndege, ambao asubuhi hutoka na njaa na jioni hurudi wameshiba. Wanazuoni wakatuonyesha jambo lililomo ndani ya mfano huo: ndege wale wanatoka. Sisi tungependa kuongeza kwamba wanatoka wakijua wanachokitafuta. Kunguru haendi kwenye ua, na chozi haendi jalalani.

Kilomita 800 kwa kibaba kimoja

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mtu aliyetoka Bagamoyo kuja huku alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 800. Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh, yaani Tabora hii, mwezi Novemba, wakapokewa na mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Snay bin Amir. Misafara mikubwa ilikuwa na mamia ya watu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa pembe au nguo ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, begani. Mtu atauliza kwa nini hawakutumia wanyama. Punda walikuwepo wachache, lakini maporini kulikuwa na ndorobo, na mnyama aliyeumwa na ndorobo hakufika mbali. Kwa hiyo kilichobeba biashara yote ile kilikuwa tumbo la binadamu, na tumbo lile lilipimiwa.

Kipimo chake ndicho hiki: kibaba. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Kibaba kimoja cha nafaka, ambacho ni karibu robo tatu ya kilo, ndicho kilikuwa posho ya mtu mmoja kwa siku. Mara nyingi hakupewa nafaka yenyewe, bali alipewa kipande cha merikani au kete za ushanga akanunue mwenyewe kijijini. Basi hebu fikirini msafara wa watu 500 unaingia kijiji chenye nyumba 40. Jioni ile moja wanataka vibaba 500 vya mtama. Ikiwa mvua ilikuwa nzuri, wanawake wa kijiji wanaleta mtama, uwele, karanga, kunde, viazi, mihogo na asali, na soko linachangamka. Ikiwa mvua ilikuwa mbaya, nguo hailiki na ushanga hautafuniki.

Hatutaki kuficha jambo. Katika misafara hiyo walikuwemo pia watu waliotekwa na kufanywa watumwa, na waliowamiliki walikuwemo Waislamu. Posho ilipopungua, wao ndio walioanza kupunguziwa. Msomapo habari za njaa ya njiani msiwasahau.

Mahali palipoogopwa zaidi kabla ya kufika huku kwetu paliitwa Mgunda Mkali, pori la miiba kati ya Ugogo na Tura. Siku nyingi za kutembea, maji machache, vijiji vya kuhesabu. Waliolijua pori lile walijaza chakula Ugogo hata kama bei ilikuwa ghali, wakatembea haraka. Asiyelijua aliona cha mtema kuni. Januari 1875, Stanley alikuwa ameiacha njia kuu akakata kuelekea kaskazini, katika sehemu ambayo leo ni Singida. Wenyeji wakawa hawaonekani, chakula kikaisha, na watu wake kadhaa wakapotea porini wakafa. Akalazimika kuchukua sanduku lake la bati, akalijaza maji, akapika humo uji mwepesi wa unga aliokuwa nao, wagawane watu zaidi ya 200. Bunduki zilikuwepo, nguo zilikuwepo, dawa zilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa kibaba.

Habari hii inatukumbusha ile ya jeshi la Khabat, aliyoisimulia Jabir bin Abdillah (R.A.) na kupokewa na Bukhari na Muslim. Watu 300 walitumwa upande wa pwani chini ya Abu Ubayda (R.A.). Chakula kilipopungua, Abu Ubayda aliamuru kila mtu atoe alichobakiwa nacho, vikakusanywa pamoja, akawa anagawa mpaka ikafikia tende moja kwa mtu kwa siku. Waliifyonza kama mtoto anavyofyonza, kisha wakanywa maji. Walipiga majani ya miti kwa fimbo, wakayalowanisha, wakala, na ndiyo sababu ya jina hilo, kwani khabat ni majani yaliyopukutishwa. Baadaye bahari ikawatolea samaki mkubwa sana, wakamla kwa siku nyingi. Wasimulizi wengi hukimbilia kwenye samaki. Sisi tunaomba mwangalie kwanza ule mfuko wa pamoja. Lau kila mmoja angeficha tende zake, wengine wangekufa kabla ya kumwona huyo samaki.

Mtama, michembe na udaga

Turudi kwenye sinia letu. Viazi vitamu vikishavunwa havikai. Basi bibi zetu waligundua njia mbili. Ukivimenya na kuvikata vibichi ukavianika, unapata michembe. Ukivichemsha kwanza ndipo ukakata na kuanika, unapata matobolwa, ambayo mtu anaweza kuyatafuna njiani bila moto wala sufuria. Majani ya kunde nayo yanachemshwa, yanaanikwa, yanawekwa mpaka kiangazi. Hayo ndiyo nsansa. Hakuna anayeanika viazi siku ya njaa. Vinaanikwa siku ambayo viazi ni vingi mpaka vinachosha, na anayevianika anaifikiria Januari, wakati ghala limebaki vumbi na mahindi mapya bado ni maua.

Mtama na uwele huvumilia jua kuliko mahindi, lakini vina adui mmoja, kwelea kwelea. Kundi likitua shambani asubuhi, mwenye shamba asipokuwa na watoto wa kuamia ndege, jioni anavuna mabua. Mahindi yamefunikwa na maganda, ndege hawayapati kirahisi, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuuacha mtama, hasa tangu watoto waanze kwenda shule. Hatulaumu. Lakini kila aliyeuacha mtama amechagua kumwogopa jua badala ya kumwogopa ndege.

Muhogo ni habari nyingine, na hapa tunaomba usikivu wenu. Muhogo mchungu una sumu. Ukimenywa, ukalowekwa siku kadhaa mpaka ukalainika, kisha ukaanikwa ukauke vizuri, sumu hutoka, na unga wake, yaani udaga, ni chakula salama. Ukifupisha kazi hiyo, hukipati chakula hicho. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa ukame, mkoani Mara walipatikana watu, wengi wao wanawake na watoto, waliopooza miguu ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka Kongo ambako ulijulikana zamani zaidi. Walikuwa wakila muhogo mchungu kila siku bila mboga ya maana kama maharage au samaki, na kwa ajili ya njaa hawakusubiri siku za kuloweka zitimie. Miguu ile haiponi. Muhogo ni ule ule uliowalisha mama zao. Zilizopungua ni siku mbili au tatu za kusubiri.

Uyoga nao ni hivyo hivyo. Masika yakianza, akina mama huuza uyoga kando ya barabara zinazotoka mjini kwetu, na hakuna kitoweo kitamu kama hicho. Lakini wako wanaofanana na huo na wanaua. Mwanafunzi asichume uyoga peke yake. Hili si ombi.

Majirani zetu wa porini

Wanyama nao wana elimu yao. Yuko ndege mwonyesha asali, ambaye wengine humwita mlembe. Anapenda nta na majana, lakini hawezi kuupasua mzinga wala kuwashinda nyuki. Basi humwita binadamu kwa kelele, akiruka mti hadi mti, mpaka wafike. Mtu hufukiza moshi na kuchukua asali; ndege hubaki na nta, kitu ambacho wanyama wengi tumboni mwao hakisagiki. Mrina asali wa zamani wa Unyamwezi alikuwa na mshirika asiyedai nguo wala ushanga.

Mchwa hali kuni kama tunavyodhani. Huzitafuna, akazipeleka ndani ya kichuguu, akaotesha juu yake ukungu maalumu, na huo ndio chakula chake. Uyoga mkubwa mnaouona ukichomoza juu ya kichuguu ni mavuno ya shamba la mchwa. Mwanafunzi mmoja alituuliza kuhusu kumbikumbi, ambao majirani wengi huwakaanga. Jawabu ni kwamba madhehebu yetu ya Shafi'i hayaruhusu kula wadudu isipokuwa nzige, na wafuasi wa Imam Malik wana kauli pana zaidi. Jirani akikukaribisha, kataa kwa adabu bila kukunja uso. Ama mwenye njaa ya kufa asiye na kingine, hukumu yake mmeisoma katika Surat al-Baqara, aya ya 173, pamoja na mipaka yake.

La ajabu zaidi ni sokwe wa Ugalla, kusini magharibi ya hapa. Wanaishi katika miombo mikavu, si katika msitu mnene. Mwaka 2007 watafiti walitangaza kwamba sokwe hao huchimba mizizi na viazi vya porini kwa vijiti na magome. Watu walidhani, kama yule mwanafunzi wetu wa Ramadhani, kwamba mizizi ni chakula cha shida, kinachochimbwa kiangazi matunda yakiisha. Ikaonekana wanachimba wakati wa mvua, chakula kingine kikiwepo. Hawakuwa na shida. Waliitaka tu.

Ng'ombe wetu hawajui kuchimba, ndiyo maana Wanyamwezi na Wasukuma waliwawekea ngitili. Sehemu ya malisho hufungwa tangu mvua zianze, majani yakue na kukaukia hapo hapo, yaje kuliwa kiangazi. Mkiitazama vizuri, ngitili ni michembe ya ng'ombe.

Mwaka 1974 ukame ulipoipiga nchi, serikali ililazimika kuagiza mahindi nje. Yakaja ya njano, na watu wakayaita Yanga kwa rangi ya jezi za timu ile. Wazee wetu wanasimulia kwamba wengi waliyanung'unikia, wakisema huko Marekani hupewa mifugo, jambo ambalo kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini waliyala, na baadhi ya wazazi wenu walikulia ugali huo.

Sasa kazi ya likizo. Kila mwanafunzi amwendee bibi yake, au mama wa makamo wa jirani asiye na bibi karibu, amwulize mambo matatu: muhogo anauloweka siku ngapi na anajuaje kwamba umeiva, uyoga gani hauchumi kabisa na anautambua kwa alama gani, na mwaka wa njaa anaoukumbuka walikula nini. Andikeni kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni Kinyamwezi, na msimsahihishe. Siku ya kufungua madrasa tutayasoma darasani. Mama jirani naye tumemwalika, na ameahidi kuja na sinia.