Kuzuia Wadudu wa Mboga kwa Bakteria na Mwarobaini

Katika Ibra, Sur na Nizwa mboga za uani hupandwa joto linapoanza kupungua, yapata mwezi wa Oktoba, na viwavi nao hawachelewi. Kabla ya kununua sumu kali, ambayo mabaki yake huweza kufuatana na nyanya au kabichi hadi mezani, zingatia njia mbili zilizo nyepesi zaidi.

Ya kwanza ni bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, anayeuzwa katika hali ya unga au kimiminika. Kiwavi akila jani lililonyunyiziwa, protini ya bakteria huyeyuka katika utumbo wake wenye hali ya magadi na kuutoboa. Tumbo la binadamu lina asidi, wala halidhuriki namna hiyo. Kiwavi huacha kula baada ya saa chache, ila hufa baada ya siku mbili tatu. Usirudie kunyunyizia kwa sababu tu bado unamwona. Dawa hii hufaa zaidi kwa viwavi wachanga, akiwamo yule wa nyanya aitwaye kantangaze huko Tanzania. Jua huiharibu upesi, hivyo nyunyizia jioni, na chini ya majani pia. Vidukari na inzi weupe haiwawezi, maana hao hufyonza utomvu, hawatafuni jani.

Kwa hao tumia mwarobaini. Twanga gramu 50 za viini vya mbegu kavu, loweka katika lita 1 ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, utumie siku hiyohiyo. Mbegu zenye ukungu zitupwe.

Jina la mti huu, unaosemekana kutibu maradhi arubaini, limewaponza watu. Mafuta ya mbegu zake yaliponyweshwa watoto wadogo yamesababisha kutapika, degedege, hata kifo. Asinyweshwe mtoto wala mjamzito. Dawa isiwekwe katika chupa ya soda; mtoto mwenye kiu hasomi kibandiko. Akiinywa, usimtapishe: piga simu 9999 au mpeleke hospitali pamoja na chombo alichonywea.

Bomba la kunyunyizia lisioshwe katika mfereji wa falaji, kwani walio chini yako huyatumia maji hayohayo. Mboga nazo zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, hata kama ulitumia mwarobaini peke yake.