Simu ya Haraka Mapokezini: Ulaghai Unaopitia kwa Watumishi wa Afya

Jioni moja ya msimu wa wageni, katika kituo kimoja cha afya kisicho mbali na Kendwa, simu ya mapokezi ililia. "Dada, mimi meneja wa hoteli. Mgeni wetu mliyemlaza, bima yake inataka pasipoti na majibu ya vipimo sasa hivi. Nitumie kwa WhatsApp, daktari ameshaniruhusu." Muuguzi akatuma. Daktari aliyetajwa nilikuwa mimi, na sikumruhusu mtu. Siku ya tatu, jamaa za mgonjwa huko Ulaya walidaiwa fedha za upasuaji ambao haukufanyika.

Mpigaji alilijuaje jina la mgonjwa? Kendwa ni kijiji. Gari la wagonjwa likitoka hotelini, habari hufika Nungwi kabla yake.

Mbinu hii huitwa uhandisi wa kijamii: mshambuliaji humwomba mwenye ufunguo amfungulie mlango. Watanzania tumeizoea katika ujumbe wa "hiyo hela itume kwenye namba hii", unaorushwa ovyo kwa watu wengi. Shambulio dhidi ya taasisi hutanguliwa na upelelezi, kisha hutumia cheo, haraka na huruma. Nasikitika kusema kwamba watumishi wa hospitali tumefunzwa yote matatu: kumtii mkubwa, kutochelewa na kumhurumia mgonjwa. Ndiyo maana onyo la "kuweni makini" halitoshi.

Tazameni Ireland. Tarehe 18 Machi 2021 mtumishi mmoja wa huduma ya afya ya taifa alifungua faili lililoambatishwa kwenye barua pepe ya hadaa. Wachunguzi waliiita kompyuta yake "mgonjwa sifuri", jina tunalolielewa vyema. Mwisho wa mwezi ule programu ya kinga iliona dalili, lakini ilikuwa imewekwa itazame tu, isizuie. Tarehe 14 Mei wadukuzi wakaifunga mifumo, na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Karibu wiki nane za kuatamia, na hakuna aliyechukua hatua ya kutosha.

Kinga iliyotufaa ni ya kiutaratibu. Anayeomba taarifa kwa simu huambiwa, "Nitakupigia", kisha hupigiwa kwa namba iliyomo katika daftari letu, si ile aliyoitoa yeye. Hilo hutendwa hata akijiita mkurugenzi; na mkurugenzi wa kweli akikasirika, avumilie. Nywila haitajwi kwa yeyote, fundi wa kompyuta akiwamo. Akaunti ya malipo haibadilishwi na mtu mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, hivyo kukataa kuzitoa si utovu wa adabu. Namba za matapeli hutumwa 15040, kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Lililo gumu zaidi ni aibu. Aliyedanganywa akiogopa kufukuzwa, ataficha, na saa za mwanzo zitapotea. Muuguzi wetu aliungama siku ya tatu tu, baada ya malalamiko kufika. Hakufukuzwa. Yeye ndiye sasa anayelitunza daftari la namba, na mwezi uliopita alinikatia simu mimi mwenyewe nilipopiga kwa namba mpya.