Utani Wako Usizimie Njiani: Vidokezo 5 vya Kundi la Ploti

Uko kwa matatu, Waiyaki Way imeshikana kuanzia Kangemi, na vidole vinakuwasha. Maji yamepotea siku ya tatu, nawe unaandikia kundi la wapangaji: "Hongera msimamizi, kazi nzuri." Ulikuwa unatania! Ukishuka Kinoo, msimamizi kesha kununa na jirani hakusalimii getini. Pole. Dawa ipo.

1. Mpe "eti" kazi
Ana kwa ana, nyusi na sauti ndizo zinazosema unacheza. Kwa simu hakuna nyusi. Lakini Kiswahili kina neno la herufi tatu linalokonyeza jicho. "Maji yanarudi leo" ni ahadi. "Eti maji yanarudi leo" ni kichekesho. Tupia "jamani" mwishoni, na ploti nzima itajua unateseka pamoja nao.

2. Nukta ina baridi
"Sawa" na "Sawa." si mapacha. Ya pili imefunga mlango kwa kishindo. Jibu "Sawa basi" au "Sawaa". Hiyo a ya ziada hulipii.

3. Lainisha kwa "ka-"
Mwalimu wa sarufi atakunja uso, maana Kiswahili sanifu hupunguza kwa "ki-". Lakini Kinoo tunaishi na Kikuyu, na "ka-" yake imehamia midomoni mwetu bila kulipa kodi. "Nataka pesa yangu" huanzisha vita. "Kale kadeni ketu kanaendeleaje?" humchekesha mdaiwa, na mtu anayecheka hufungua M-Pesa haraka. (Ukidai mara ya nne, rudi kwenye "nataka".)

4. Uso unaolia, analia nani?
Tatizo hili si letu pekee. Mwaka 1982, katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, watu walikuwa wakichukulia mizaha ya kwenye kompyuta kuwa habari za kweli, ndipo Scott Fahlman akapendekeza alama ya :-) iwe ishara ya utani. Leo tuna nyuso za kila aina, na bado tunakosana! Shangazi yangu huona machozi tu kwenye ule uso wa kicheko, kwa hivyo huutuma kwa waliofiwa. Ukiwaandikia wazee, andika "nacheka" kwa herufi, yaishe.

5. Dakika 15 za neema
Kabla ya kutuma, soma ujumbe kwa sauti ya yule jirani ambaye hukasirishwa hata na jua. Bado unachekesha? Tuma. Umeshatuma ukajuta? Tangu 2023, WhatsApp inakuruhusu kuhariri ndani ya dakika 15. Zikipita, rekodi sauti, wasikie unavyocheka. Kisha kamsalimie msimamizi wewe mwenyewe, na njiani beba mtungi. Eti maji yanarudi saa kumi na mbili.